Kishika sarafu cha kando ya simu kinapogoma: anzia ukutani, si kwenye springi

Fundi ukiitwa kuangalia kishika sarafu, maneno ya mlangoni huwa yale yale: "Springi imekufa." Ukifungua unakuta springi nzima, inaruka vizuri tu. Kilichokufa ni ukuta. Huku Mtwara na Lindi, kwenye nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, na hata kwenye bloku za juzi zilizobaniwa saruji, kishika sarafu huugua mgongoni kabla ya tumboni. Ndiyo maana hapa tunaanza na ukuta, na nakuomba ufuate mpangilio huo hata kama dalili yako inaonekana ya ndani.

Tuelewane kwanza ni kifaa gani. Kuna bati la nyuma linalopigwa skrubu ukutani, na juu yake mirija miwili hadi minne iliyosimama wima, kila mmoja na sarafu za thamani moja. Aina ya kwanza ni ya kushuka: sarafu zinateremka kwa uzito wake, unatelezesha ile ya chini kabisa. Ya pili ina springi chini inayosukuma rundo, unatelezesha ile ya juu. Ipo na ya tatu, kimfereji cha bati kilicholala mshazari, lakini hiyo haina cha kuharibika zaidi ya kupinda, basi tuiache.

Kiliwekwa kando ya simu kwa sababu simu ya sarafu haikuwa na subira. Zile za Uingereza za kitufe A na B, zilizoanza 1925, zilitaka utie sarafu kabla ya kupiga, ubonyeze A mtu akiitika, au B urudishiwe hela yako. Zilizofuata, kuanzia 1959, zilianza kulia pi-pi-pi mwenzako akishapokea, na usipotumbukiza sarafu wakati huo huo, hakusikii. Hapo si pa kupekua mifuko. Simu zenyewe zimekwisha. Zilizobaki ni pambo kwenye nyumba ya wageni, au zimeunganishwa na mapokezi kwa maongezi ya ndani. Vishika sarafu ndivyo vilivyoendelea na kazi: mapokezi hapo hapo, choo cha kulipia, kioski cha maji. Penye chenji ya haraka hapana ugomvi na mteja.

Kinacheza, kimeinama, au kimeachana na ukuta kwa juu

Usiguse mirija bado. Chukua uzi, funga nati, ning'iniza kando ya mrija wa pembeni. Uzi na mrija vikienda sambamba toka juu hadi chini, ukuta wako ni salama, ruka sehemu hii. Vikiachana, chukua risiti ya duka uipenyeze nyuma ya bati upande wa juu. Ikizama bila kukwama, skrubu za juu zimelegea, na matatizo mengine yote uliyoitiwa huenda ni watoto wa hilo moja.

Uzito peke yake hausumbui. Sarafu ya 500, ile ya nyati, ina gramu 9.5, rundo la sarafu 40 ni gramu 380, mirija minne haifiki hata kilo 1.6 ukiacha bati. Kinachoua ni kidole. Kila anayetoa sarafu anaivuta kuja kwake, hata bila kukusudia, na kila mvuto unaitikisa plagi, kile kijibomba cha plastiki kinachoshika skrubu ukutani, ndani ya tundu lake. Kwenye zege plagi ingevumilia. Kwenye chokaa inajichimbia nafasi, unga unamwagika taratibu, na siku moja bati linainama mbele.

Ukuta wa Mikindani au wa Lindi mjini kwenye majengo ya zamani una tabia yake. Lipu ya chokaa inaweza kuwa nene kiasi kwamba skrubu ya milimita 40 inaishia ndani ya lipu, haikugusa jiwe kabisa. Ukitumia ndefu zaidi, inafika kwenye tumbawe, na tumbawe lenyewe limejaa vijitundu. Drili inakaza, halafu ghafla inazama kama imeingia kwenye embe bovu. Hapo fundi wengi huongeza plagi nene zaidi na kupiga nyundo. Plagi nene inapasua lipu, basi.

Ninachofanya mimi ni kuacha kukipiga kishika sarafu moja kwa moja ukutani. Natafuta kipande cha mninga, unene wa milimita 20 au zaidi, kipana kuliko bati kwa upana wa kiganja kila upande. Mbao ya mwembe usiniletee, dumuzi watakushukuru. Kipande hicho kinapigwa ukutani kwa skrubu nne au sita zilizotawanyika kwenye kona, za milimita 75 na kuendelea, za chuma kisichoshika kutu au za shaba. Kishika sarafu sasa kinafungwa kwenye mbao. Mvuto wa kidole unagawanyika ukutani badala ya kung'ang'ania tundu mbili za juu.

Unapotoboa ukuta wa aina hii, zima kile kigongo cha drili, yaani mapigo yake ya nyundo; zungusha tu. Toa vumbi lote kwenye tundu, kwa mrija wa soda ukipuliza au kwa brashi ya chupa, maana plagi iliyokaa juu ya vumbi haijakaa. Tundu likiwa limeshapanuka, lijaze kwa chokaa na mchanga, kipimo kimoja kwa vitatu, liloweshe kwanza, ukandamize, na uliache likauke kwa siku kadhaa kabla ya kutoboa upya. Najua saruji inakauka haraka na ipo kila duka. Saruji ngumu kwenye ukuta wa chokaa inafungia unyevu ndani. Chumvi inatafuta njia pembeni, unaona unga mweupe unachanua kuzunguka kiraka, na msimu wa mvua ukipita lipu inabanduka vipande. Umepata tundu gumu katikati ya ukuta uliooza.

Bloku zenye mchanga mwingi dawa yake ni fupi: plagi ya milimita 8, ndefu, bila kigongo, na usirudie tundu la zamani, sogea upana wa kiganja. Nyumba ya udongo na miti, tafuta nguzo kwa kugonga, ufunge kwenye nguzo. Pasipo nguzo pasifungwe kitu.

Hesabu haitimii jioni

Nimeiweka hapa makusudi, kwa sababu ni tatizo la ukuta linalovaa nguo za tatizo la watu. Nyumba moja ya wageni, mama mwenye nyumba alikuwa ameshaandaa maneno ya kumwambia kijana wa zamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Bora umekuja, uwe shahidi."

Nikamwomba anipe dakika chache nifungue bati kwanza. Nyuma yake chokaa ilikuwa imemomonyoka ikaacha mfuko, na ndani ya mfuko, kwenye unga wa kijivu ulioloa, sarafu zimelala kwa ubavu, nyingine zimegandana kwa kutu hadi ikabidi nizibandue kwa ncha ya bisibisi. Mirija ile ilikuwa na upenyo mwembamba kwa nyuma, wa kuonea kiasi kilichobaki. Bati lilipoinama mbele, sarafu iliyorudishwa kwa haraka ilikuwa inagonga ukingo na kupitia nyuma badala ya kuingia. Kijana alikuwa amesimama mlangoni muda wote, hakusema neno. Mama akamwambia, "Haya mwanangu, kachemshe chai."

Basi hesabu isipotimia, shusha kishika sarafu kwanza ndipo umshushe mtu. Ukikuta nyuma pasafi, angalia kama mdomo wa mrija unaingiza waya. Alama zake ni mikwaruzo myembamba ya kwenda juu kwenye rangi ya ndani. Hiyo nayo ipo, siwezi kuificha, na dawa yake ni kukihamishia upande wa ndani wa kaunta.

Simu inakwaruza tangu kishika sarafu kiwekwe

Kwa wenye simu ya ndani inayofanya kazi. Waya wa simu mara nyingi umeshuka ukutani chini ya lipu, wima juu ya kifaa au ubavuni, na skrubu ya kishika sarafu imeubana au kuung'ata. Ushahidi: nyanyua mkono wa simu, sikiliza, halafu mwenzako asukume kishika sarafu. Kelele zikija na kuondoka kwa kusukuma, ndiyo hiyo. Laini ya simu ina volti karibu 48 ikiwa imetulia, na wakati wa kulia inapanda kupita 70 za mkondo unaogeukageuka. Si ya kuua mtu mzima mwenye mikono mikavu, lakini ukiwa juu ya ngazi inatosha kukuangusha. Chomoa kwenye chanzo, toa skrubu, sogeza kishika sarafu nusu mita, na waya ulioumia ukatwe na kuungwa upya kwa kiungio. Usiufunge kwa utepe mweusi tu. Hewa ya bahari itaingia chini ya utepe na kelele zitarudi.

Sarafu zinanasa katikati ya mrija

Umeshahakikisha ukuta? Sawa. Sasa sababu ni tatu: mrija umepinda, mrija mchafu, au sarafu siyo yake.

Kupinda kunaonekana kwa sarafu moja. Toa zote, tumbukiza moja, sikiliza. Mrija mzima unatoa sauti moja mfululizo hadi chini. Ukisikia ikigonga, kunyamaza, halafu kugonga tena, pale iliponyamaza ndipo palipobonyea. Mrija wa shaba unanyooka ukipitisha ndani mti wa mviringo wenye kipenyo karibu sawa na sarafu na kugonga kwa nje kwa nyundo ya mbao. Wa bati jembamba hunyooka mara moja tu. Mara ya pili unapasuka kwenye mshono.

Uchafu ndiyo habari yenyewe ya mkoa huu. Jasho, chumvi na magamba ya samaki yote yanakuja na sarafu kutoka sokoni, lakini msimu wa korosho, Oktoba hadi Januari, kunaongezeka kitu kibaya zaidi: mafuta ya ganda la korosho. Anayebangua kwa mkono anayajua, yanachubua ngozi na kuacha vidole vyeusi. Yakipata hewa yanageuka gundi ya rangi ya kahawia inayong'aa. Si ajabu viwanda huyatumia kwenye vanishi. Sarafu mbili zilizoguswa nayo zikikaa kwenye rundo usiku kucha, asubuhi zimeshikana, na rundo zima linasimama juu yake. Ukizichungulia kwa ubavu unaona mstari mwembamba mweusi katikati ya sarafu mbili, kama wino.

Sabuni peke yake haiyatoi. Zilowekwe kwanza kwenye mafuta ya taa kidogo, zisuguliwe kwa mswaki wa zamani hasa ukingoni, ndipo zioshwe kwa maji ya moto na sabuni na kukaushwa kabisa kwa kitambaa. Mchanga na majivu acha, zinakwangua ngozi ya nje ya sarafu, na tutaona mbele kwa nini ngozi hiyo ina maana. Mrija wenyewe usafishe kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti na kuloweshwa spiriti. Vaa glavu za plastiki.

Halafu usipake mafuta. Najua mkono utawasha. Mafuta ya cherehani yatafanya sarafu ziteleze vizuri wiki ya kwanza, na baada ya hapo yameshakusanya vumbi la barabarani na kutengeneza tope. Risasi ya penseli, ambayo mafundi wa kufuli tunaipenda, hapa pia siishauri: penye hewa ya chumvi inachochea kutu ya chuma kilicho jirani. Mrija wa sarafu unatakiwa mkavu.

Sababu ya tatu, sarafu siyo yake. Sarafu ya 50 ina pembe saba. Ikiingizwa kwenye mrija wa sarafu za mviringo inageuka kidogo, pembe inashika ukingo, na zilizo juu yake zote zinangoja. Kuna mtu huwa anaziweka humo "zisipotee". Mwambie kwa upole.

Zinatoka mbili mbili, au haitoki hata moja

Huu ni mdomo wa mrija. Uwazi wa mdomo unatakiwa uzidi unene wa sarafu moja na usifike wa sarafu mbili. Katikati ya hapo, yaani unene wa sarafu moja na nusu, ndipo pazuri. Mdomo uliolika unatoa mbili; uliobonyezwa au kuziba kwa rangi hautoi kitu. Uliolika utie kipande chembamba cha shaba kwa ndani, ukishikishe kwa gundi ya epoksi. Uliojaa rangi kwangua kwa kisu. Nimeona vishika sarafu vilivyopakwa rangi ya mafuta pamoja na ukuta, mirija na kila kitu, Idi inapokaribia. Nyumba inapendeza lakini sarafu hazitoki.

Springi kweli imekufa

Sasa tufike kwake. Rundo likiwa limepungua nusu halipandi tena hadi mdomoni, na umeshasafisha mrija: hapo ni springi. Springi ya chuma cha kawaida kwenye mji wa pwani inaliwa na kutu toka nje kwenda ndani, uzi unakuwa mwembamba sehemu moja, na sehemu hiyo ndiyo inalegea. Kuivuta kwa mikono irefuke ni kujidanganya; inanyanyuka kidogo, inarudi chini ikiwa mbaya kuliko mwanzo. Wengine huweka springi ya kabureta ya pikipiki. Ni kali mno kwa kazi hii, sarafu ya mwisho inaruka hadi chini ya kabati.

Agiza ya chuma kisichoshika kutu au ya shaba nyeupe, yenye urefu unaofikia mdomoni mrija ukiwa mtupu na iliyo laini kiasi kwamba unaibana yote kwa kidole kimoja. Ukiibadilisha, angalia pia kile kisahani kinachokaa juu yake. Kikiwa kimepinda, springi mpya itasukuma upande mmoja na utafikiri umeuziwa mbovu.

Kutu na ukijani

Sarafu zetu za 50, 100 na 500 ni chuma kilichovalishwa: mbili za kwanza ngozi ya shaba, ya 500 ngozi ya nikeli. Ngozi ikiwa nzima, chuma kiko salama. Ikikwanguliwa, na mahali pa kwanza kukwanguliwa ni ukingo, kutu inaanza hapo, inavimba, na sarafu iliyovimba ukingoni haipiti tena kwenye mrija uliokuwa unaipitisha. Sarafu ya hivyo itoe uitumie kwingine, usiisugue msasa.

Ukiona ukijani kwenye mrija wa shaba na kutu nyekundu kwenye bati la chuma, pale pale zinapogusana, hizo ni metali mbili tofauti na unyevu wa chumvi kati yao, na chuma ndicho kinachoumia. Tenganisha kwa washa za plastiki au vipande vya mpira wa tairi la ndani. Na kama kishika sarafu kiko barazani ambako mvua za Desemba hadi Aprili zinaingia kwa upepo, hakuna washa itakayokiokoa, kiingize ndani.

Kishika sarafu ni kizima, sarafu zetu ndizo haziingii

Hiki kimekuja na mizigo kutoka ng'ambo, au kimenunuliwa kama kitu cha kale pamoja na simu yake. Kiliundwa kwa sarafu za kwao. Marekani, ambako William Gray alipata hataza ya simu ya sarafu 1889, simu za matundu matatu zilimeza senti 5, 10 na 25, zenye vipenyo vya milimita 21.2, 17.9 na 24.3. Sarafu yetu ya 500 ina 27.5, hata mrija ulio mpana kuliko yote haitauingia. Italia walikuwa na jetoni za simu, zenye mifereji usoni, mmoja upande huu na miwili upande ule, na Israeli walikuwa na asimoni yenye tundu katikati, ungeweza hata kuitunga kwenye uzi. Mirija ya hizo usijaribu kuipanua. Kama kifaa ni cha kale, kiache kilivyo, kina thamani yake.

Unachoweza kufanya ni kuweka mirija mingine ubavuni. Bomba la plastiki la maji la milimita 32 lenye ukuta wa milimita 1.9 linabakiza uwazi wa 28.2 ndani, kwa hiyo sarafu ya 500 inapata nafasi ya kama milimita 0.7 ya kupumua. Hiyo inatosha. Ikizidi sana, sarafu inaanza kulala ubavu na kujikaza. Kwa sarafu nyingine, nenda duka la vifaa na sarafu yenyewe mfukoni, iangushe ndani ya bomba ukiwa pale pale dukani, na usilipe mpaka usikie imegonga chini bila kusita. Kata kwa msumeno wa chuma, lainisha ukingo wa ndani kwa msasa, chonga mdomo, na ulifunge kwenye ile mbao ya mninga kwa vibanio viwili, juu na chini, uzi wa timazi ukiwa kando.